Jinsi ya kutengeneza fauntini ya ndoo zinazojimwaga zenyewe

Wadau, fauntini ziko za aina mbili. Kuna ya kutazama, maji yanapanda yanashuka, usiku taa za rangi, unapiga selfi unaondoka, baada ya muda pampu imekufa na linabaki beseni kavu lenye chupa za soda katikati ya kipilefti. Alafu kuna ya kuchezea, hii inakulowesha, inakutegea, watoto hawabanduki pale na watu wazima wanajifanya wanapita tu kumbe na wao wanasubiri. Leo naelekeza ya pili, ile ya ndoo. Inafaa uwanja wa shule, bustani ya mtaa, hata sehemu ya kupumzikia pale sokoni, na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuijenga bila kuagiza kitu nje.

Mama wa hizi fauntini, kwangu mimi, iko Cuba Street kule Wellington, New Zealand, tangu mwaka 1969, waliisanifu wasanifu majengo wa Burren and Keen. Ni nguzo tu zenye ndoo za rangi, maji yanaingia ndoo za juu, ndoo ikishiba inapinduka inamwagia ya chini yake, na hiyo nayo ikishiba inapinduka, na katika kumwaga huko maji mengine yanaikosa ndoo kabisa yanaenda kwa aliyekaa karibu. Ukiitazama kwa jicho la uhandisi utasema imekosewa. Ila watu wanaipenda zaidi ya miaka 50 sasa na kwa sababu hiyo hiyo.

Kabla hujanunua hata bolti moja elewa hili: raha ya mchezo haiko kwenye maji, iko kwenye kusubiri na kutojua. Angalia Crown Fountain ya Chicago, Marekani, kazi ya msanii Jaume Plensa ya 2004, minara miwili ya vioo, kila mmoja kama mita 15, inaonyesha sura za wakazi wa mji wapatao 1,000, sura inakukodolea macho weee alafu inabana midomo na maji yanatoka mdomoni. Watoto wanakuwa wamejazana pale chini mapemaaa, wanapiga kelele hata tone halijatoka. Kwahiyo kila kitu nitakachosema huko mbele, tundu la shafti (ule mhimili wa chuma ambao ndoo inapindukia), koki, ukubwa wa ndoo, kinatumikia hilo, ndoo ionekane inajaa, kila mtu ajue itamwaga, na asiwepo anayejua ni sekunde gani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapofeli kwahiyo nitakaa sana. Swali ni moja: tundu la shafti litobolewe wapi?

Ndoo inajipindua yenyewe na kurudi yenyewe bila mota, bila sensa, bila kompyuta. Sio jambo geni, mhandisi al-Jazari kule Diyarbakir, Uturuki ya leo, mwaka 1206 alishaeleza fauntini zinazobadilisha umbo la maji kwa kutumia chombo kinachojaa na kupinduka, na vipima mvua vya vituo vingi vya hali ya hewa leo vina kijiko kama hicho ndani, kinapinduka kila mvua inapofika kipimo fulani. Siri ni kitovu cha uzito, yani ile nukta ambayo uzito wote wa kitu unakuwa kama umekusanyika hapo. Ndoo tupu kitovu chake kiko chini kwa sababu kitako ni kizito, kama shafti imepita juu ya kitovu hicho ndoo inakaa wima vizuri tu. Unapojaza maji kitovu cha mzigo mzima kinapanda, kinapanda, mpaka kinavuka usawa wa shafti, na hapo ndoo haina tena cha kuishikilia, inaanguka. Ikishamwaga inakuwa tupu, kitovu kinarudi chini ya shafti, inasimama tena.

Kwahiyo shafti inatakiwa iwe juu ya kitovu cha ndoo tupu na chini ya kitovu cha ndoo iliyojaa. Ukitoboa chini mno, ndoo ikipinduka hairudi, inabaki miguu juu. Ukitoboa juu mno haipinduki kabisa, inajaa na kufurika kama sinki lililoziba na watu wataondoka.

Kitovu cha ndoo tupu unakipata bila hesabu yoyote. Toa mkono wa ndoo, lakini kila kitu kingine kitakachobaki juu yake kiwe kimeshafungwa, pete za chuma, uzito, hata rangi. Ilaze ubavu juu ya kipande cha nondo kilicholala mezani, isogeze mbele nyuma mpaka isiangukie upande wowote, piga alama hapo. Ndoo ya bati ya lita 10 yenye kimo cha sentimita 25 alama yake mara nyingi inaangukia kwenye sentimita 10 au 11 kutoka kitakoni. Sasa maji yaliyojaa mpaka juu kitovu chake kiko katikati ya kimo chake, yani 12 na nusu, au juu kidogo ya hapo kama ndoo imepanuka mdomoni. Unaona nafasi ilivyo finyu? Sentimita mbili tu za kuchezea. Ndio maana lazima uongeze uzito kitakoni, chukua bamba la chuma la nusu kilo hivi, lifunge kwa bolti chini ya ndoo na washa ya mpira isivuje, pima tena utakuta alama imeshuka mpaka kama sentimita 7. Hapo una uhuru.

Toboa shafti sentimita mbili juu ya alama, kwa mfano wetu ni sentimita 9. Kanuni ya kichwani ni hii: ndoo itapinduka maji yakifika karibu mara mbili ya kimo cha shafti, kwahiyo hapa tarajia kwenye sentimita 18, mara nyingi mapema kidogo kwa sababu ndoo ikishaanza kuinama maji yanakimbilia upande ulioinama na kuongeza kasi ya kuanguka. Kwa ndoo hii ni kama lita 7. Unataka imwage mapema? Shusha shafti kidogo, au punguza uzito wa kitakoni. Unataka ishibe zaidi? Pandisha. Nakushauri usitoboe ndoo yenyewe kwanza, chomelea pete ya flati ba (chuma bapa) kuizunguka ndoo na kila ubavu weka kipande cha bamba chenye matundu matatu manne yaliyopandana, hapo unabadilisha kimo kwa spana na sio kwa kutoboa ndoo upya kila siku.

Lingine dogo ila muhimu, usiweke shafti katikati kabisa ya ndoo ukiitazama kwa ubavu. Isogeze sentimita moja nyuma, upande ambao hutaki maji yaende. Ndoo itakaa imeinama kidogo mbele na hapo itamwaga mbele daima, vinginevyo siku moja inamwaga mbele siku nyingine inamwaga kwa bibi aliyekaa benchi la nyuma.

Shafti iwe ya stenlesi, milimita 16 au 20. Kuhusu beringi mafundi watabishana na mimi, mimi kwa kitu kinacholowa kutwa nzima napendelea bushi za nailoni ngumu, yani pete ambazo shafti inazungukia ndani yake, zile za kuchonga kwenye leithi (mashine ya kuchongea), kuliko beringi za gololi, maana gololi zikiingia maji na mchanga zinaanza kulia alafu zinakwama, na ndoo inayokwama inarudi polepole au hairudi. Bushi ikilika unachonga nyingine.

Weka vizuizi viwili, vipande vya tairi la gari vilivyofungwa kwenye fremu. Kimoja kinaipokea ndoo inaporudi ili isibembee kama kengele. Kingine kinaizuia isizunguke zaidi ya nyuzi 120 hivi wakati wa kumwaga, pale itakuwa imeshatoa maji yote na bado inaweza kurudi yenyewe, ikifika nyuzi 180 inaweza kukaa huko huko. Na ule mlio wa ndoo ikigonga mpira, dum, usiupoteze, ni sehemu ya mchezo. Ndio sababu nachagua ndoo za bati kuliko za plastiki, plastiki pia jua linaipasua.

Fremu sitakaa sana, paipu za inchi mbili zilizopakwa zinki, zege la miguu lishuke sentimita 60 au zaidi kama udongo ni wa kichanga, na ndoo zipangwe kushoto kulia kushoto kulia ili kila moja imwagie iliyo chini yake kwa kuikosa kidogo. Nasema kuikosa kidogo makusudi kabisa. Kama kila tone linaingia ndoo ya chini basi baada ya nusu saa mtoto yeyote mwenye akili ameshahesabu mzunguko na mchezo umeisha. Ila kama theluthi ya maji inapotea pembeni, na upepo nao unachukua chake, ndoo ya chini leo itahitaji mimwago mitatu ijae na saa nyingine minne, na hakuna anayeweza kubashiri.

Juu weka ndoo mbili, kila moja na koki yake. Zipe mwendo ambao haugawanyiki vizuri. Ukiziweka moja sekunde 50 na nyingine 70 zitamwaga pamoja kila baada ya sekunde 350, hiyo ni chini ya dakika sita. Ukiweka 47 na 60 zitakutana baada ya dakika 47, na ule mmwago wa pamoja utakuwa tukio la kusimuliana. Kihalisia koki hazishiki sekunde kamili hivyo, zitateleza, na kuteleza huko ndiko tunakokutaka.

Hesabu ya pampu sasa. Ndoo ya lita 7 kwa dakika moja ni lita 7 kwa dakika, ya pili ya 47 sekunde ni kama 9, jumla 16, weka lita 960 kwa saa. Usiende dukani ukaomba pampu ya lita 1,000 kwa saa. Ile namba kubwa kwenye boksi ni wakati pampu haipandishi maji popote, na ile ya kimo cha juu kabisa ni pale ambapo maji yameacha kutoka, hizo mbili hazitokei pamoja hata siku moja. Kama ndoo yako ya juu iko mita 3 tafuta pampu yenye kimo cha mita 5 au 6 na lita 2,000, alafu ibane kwa koki.

Umeme: volti 12 au 24, basi. Usiweke volti 230 kwenye maji ambayo watoto wanaingia miguu peku, sijali fundi amekuambia ana uzoefu gani. Msanii Jean Tinguely pale Basel, Uswisi, mwaka 1977 aliweka mashine kumi ndani ya beseni la maji ya kina kifupi, zinachota, zinachekecha, zinarusha maji mchana na usiku, na zinaendeshwa kwa umeme mdogo. Pampu ya volti 12 ya wati 40 mpaka 60 inatosha kwa fremu hii, na paneli ya sola ya wati 100 inaiendesha mchana bila betri. Mimi napenda bila betri kwa sababu nyingine, wingu likipita ndoo zinachelewa, jua likirudi zinachangamka. Kama lazima utumie umeme wa gridi kupitia adapta, adapta ikae mbali, pakavu, kwenye boksi lenye kufuli, na laini yake iwe na ile breka ya kukata umeme ukivuja ya miliampia 30, afunge fundi umeme mwenye leseni.

Maji yanaenda wapi? Wengi wanajenga beseni wazi. Mimi nasema hapana, jenga sakafu kavu. Chimba shimo, zika simtanki la lita 500, juu weka wavu wa chuma imara unaobeba watu, juu ya wavu kokoto kubwa au zege lenye matundu, maji yanaanguka, yanapotea chini, yanarudi kwa pampu. Hakuna kina cha mtoto kuzama na hakuna maji yaliyotuama juu. Hili la kutuama sio dogo, mbu wa dengi anazaa kwenye maji yaliyotulia na kutoka yai mpaka mbu kamili inaweza kuchukua kama wiki moja tu kwenye joto letu, na Dar tumeshaona milipuko ya dengi 2014 na 2019. Kila upenyo wa tanki uzibwe kwa wavu wa mbu, na fauntini ikizimwa zaidi ya siku tano mwaga maji yote. Ndoo nazo zifunge zikiwa zimeinama, ndoo yenye maji kidogo kitakoni ni wodi ya uzazi ya mbu.

Sakafu iwe zege lililopigwa ufagio likiwa bichi, likwaruze. Vigae vya kung'aa vikilowa ni hospitali. Mteremko sentimita 2 kwa kila mita kuelekea matundu. Na eneo la kulowa liache angalau sawa na kimo cha ndoo ya juu kila upande, yani mita 3 pande zote, alafu nje ya hapo weka rangi tofauti au mstari wa mawe ili mtu anayekwenda kazini ajue mpaka uko wapi. Kasri ya Hellbrunn kule Salzburg, Austria, Askofu Mkuu Markus Sittikus karne ya 17 aliweka meza ya mawe bustanini yenye maji yanayoruka kutoka kwenye viti, wageni wote wanalowa makalio isipokuwa yeye kiti chake kikavu. Inachekesha, ila ni mzaha wa mkubwa kwa wadogo. Hadharani mwache mtu achague kulowa mwenyewe, na mama mwenye mtoto mgongoni apite njia kavu bila kuomba samahani.

Kuhusu uzito tuwe makini. Lita 20 za maji ni kilo 20, zikimshukia mtoto wa miaka minne kutoka mita 3 sio mchezo tena. Ndoo zinazomwaga moja kwa moja juu ya watu zisizidi lita 7 au 8, na kimo kisizidi mita mbili na nusu. Ile kubwa ya lita 20, ambayo kila mtu anaitaka najua, imwage juu ya kibati kilichoinama kwanza, maji yatawanyike ndio yashuke. Viwanja vya michezo ya maji vyenye madumu makubwa wanafanya hivyo hivyo, utaona kuna paa dogo chini ya dumu. Fremu isiwe na mahali pa kukanyagia chini ya mita 2, watapanda tu, na kati ya ndoo na fremu pasiwe na nafasi ya kubana vidole.

Maji yanayozunguka na yanayogusa vinywa vya watoto yatibiwe kama ya bwawa la kuogelea, klorini miligramu 1 mpaka 3 kwa lita, pH (kipimo cha ukali wa tindikali ya maji) 7.2 mpaka 7.8, vile vikaratasi vya kupimia vinauzwa na wauza vifaa vya mabwawa. Pima kila siku inayotumika maana jua linaila klorini haraka sana. Kama huwezi kusimamia hilo basi badilisha maji mara kwa mara na umwagilie bustani, kabla hujaweka klorini lakini. Weka chujio kabla ya pampu, nywele na majani ya mwembe vinaua pampu kuliko kitu kingine chochote. Na jiandae na sabuni, Wellington watu hawaachi kuimwagia sabuni ya maji mpaka povu linafurika mtaani, huku kwetu watakufulia nguo humo. Weka bomba la maji safi pembeni, lenye koki ya kubonyeza, litapunguza sana hilo, na pia sio vizuri kuweka maji ya kuchezea mahali ambapo watu wanabeba ndoo kichwani kutafuta ya kunywa. Kama mtaa wako uko hivyo anza na bomba, fauntini ije baadaye.

Ukitaka kuongeza vikorombwezo, usiongeze mota, tumia maji yanayoanguka bure. Gurudumu la baiskeli lenye vikombe kwenye rimu litazunguka, shafti yake ikifungwa mkono wa kukunja inaweza kupiga sufuria au kutikisa ungo. Tinguely mashine zake za Basel alizitengeneza kwa vipande vya jukwaa la jumba la maigizo la zamani lililokuwa hapo hapo, kwahiyo nenda kwa wauza skrepa wa mtaa wako na utafute vitu ambavyo watu wa pale wanavitambua, kama ni karibu na stendi tafuta usukani na vioo vya daladala, kama ni ufukweni vipande vya dau. Kwa rangi naye alikuwa mtu wa chuma cheusi, lakini fauntini ya Stravinsky pale Paris ya mwaka 1983 alifanya na msanii mwenzake Niki de Saint Phalle, na yule akaleta midomo mekundu na ndege wa rangi zote, ukiweka vyeusi na vya rangi pamoja kila kimoja kinaonekana zaidi.

Siku ya kuwasha, washa mapema asubuhi bila kutangaza. Kaa pembeni utazame watu wanasimama wapi, nani analowa bila kutaka, ndoo gani inachelewa kurudi, alafu rekebisha matundu ya shafti na koki. Isikupite jioni hujafanya hilo maana shule zikitoka hutapata nafasi ya kuingia na spana. Na mkabidhi mtu mmoja wa pale pale, mwenye duka la jirani au mlinzi, funguo za boksi na kazi ya kusafisha chujio kila siku mbili, mlipe, na umwachie bushi nne za akiba, chujio la pili na namba ya aliyechonga hizo bushi.